Kisu cha Fundi Shoto

Kwaru, kwaru, kisha kimya. Ilikuwa sauti ya tupa ikikwangua chuma, halafu ikitulia ili mwenyewe akague. Aliyeisikia alijua Fundi Shoto yumo karakanani.

Mzee wetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966. Walimu walimlazimisha kuandika kwa mkono wa kulia. Akatii darasani, ila nyumbani kila kitu alikishika kwa kushoto.

Mwaka 1968 alipokelewa kwa majaribio ya miezi mitatu katika karakana ya samani nyuma ya stendi. Mwezi wa tatu ulikuwa unakatika na viungo vya samani zake bado vinacheza. Wenzake walimtania kwamba viti vyake vinamwitikia mgeni kabla hajabisha hodi, na msimamizi alishamwambia ajiandae kurudi kwao. Ndipo marehemu alipogundua kosa. Visu vya kuchorea mistari ya vipimo kwenye mbao alivyokuwa akiazima vilinolewa upande mmoja tu, kwa wanaotumia kulia. Mkononi mwake vilikimbia rula kwa unene wa unywele, ndiyo maana viungo havikubana. Akachukua kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, akakichonga ncha kwa tupa, akakichoma hadi kikawa chekundu, akakizamisha kwenye oili, kisha akakinoa upande ule mwingine. Mpini aliutoa kwenye mabaki ya mguu wa meza.

Msimamizi alikinyanyua kiti chake kilichofuata kwa mguu mmoja, akakitikisa karibu na sikio. Hakikutoa sauti. Akasema, "Kesho njoo mapema, una kazi." Marehemu alidumu pale miaka kumi na minane, hadi alipofungua karakana yake mwenyewe.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati alikokwenda kupima mlango. Mkewe husimulia kwamba siku ya tatu ya kupima ilibidi amuulize, "Fundi, kwani mlango huu unakua?"

Novemba 2019 kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto. Akafunga kabati la vifaa, ufunguo akampa binti yake kitinda mimba, seremala kama yeye, na kwa miezi mitano hakutia mguu karakanani. Tuliogopa kwamba moyo nao umelegea.

Alifariki usingizini, nyumbani kwake, asubuhi ya tarehe 4 Juni 2023. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja. Mola ampe pumziko jema.

Lakini miaka ile ya mwisho hakuimalizia kitandani. Aprili 2020 binti yule alimletea kisu alichokitengeneza mwenyewe, kimenolewa kwa ajili ya mkono wa kulia. Baba mtu akachora mstari mmoja, ukaenda upogo. Binti akaomba akirudishe kwenye jiwe la kunolea. Marehemu alipitisha kidole kwenye makali, akautazama tena ule mstari, akasema kwa sauti ya chini sana, "Kisu hakina kosa, mama. Mkono ndio nitaufundisha."