Karatasi Iliyobandikwa Buchani

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi hii ya kusoma ingawa nilitamani apewe mwingine, na sababu mtaisikia.

Kaka yetu, ambaye nyote mlimwita Mzani kwa kuwa alikata kilo moja kwa jicho na mzani haukuwahi kumsuta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na mwaka 1978 akaingia kwenye bucha ya mjomba wetu kama mfagiaji, akapanda hadi kushika kisu. Tarehe 9 Agosti 1984 kisu hicho kilimteleza, kikamkata mshipa wa mkono, akaongezewa chupa mbili za damu, enzi ambazo kirusi cha homa ya ini aina ya C kilikuwa bado hakijajulikana, wala hapakuwa na kipimo chake. Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, akajaliwa watoto watatu, na wote watatu aliwafundisha kunoa kisu kabla ya kuendesha baiskeli.

Mwaka 2016 tulipimwa mafuta kwenye damu siku moja, yeye akapata sita nukta nne, mimi sita nukta sita, tukaambiwa tuache vya kukaanga, yeye akaacha, mimi nikaendelea, naye akawa ananitania kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Februari 2020 tulirudia, mimi nikawa nimepanda, yeye ameshuka hadi mbili nukta tisa, nikafurahi kupita kiasi, nikaibandika karatasi yake ukutani juu ya mzani, nikawaambia wateja waje wamwone muuza nyama mwenye damu ya mla mboga. Alicheka, lakini tayari alikuwa akikata nyama ameketi, na shemeji aliposema mumewe anachoka kupita umri wake, arudi hospitali, mara tatu nilimwonyesha ile karatasi.

Juni 2022 tumbo lilijaa maji na macho yakawa ya manjano, ndipo daktari alipotueleza kwamba ini ndilo hutengeneza sehemu kubwa ya mafuta yale ya kwenye damu, na la kaka lilikuwa limeliwa na kirusi kwa miaka mingi hadi likashindwa kuyatengeneza, ndiyo maana namba yake ilishuka. Vidonge vya kuua kirusi hicho vipo, ila ini lilikuwa limebaki makovu, naye akafariki tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli kwa upole, majirani mliopokezana na shemeji zamu za kuuguza, na wauza nyama wenzake mliofunga milango leo. Shemeji na watoto wamepimwa, wako salama. Shemeji, ulisema mara tatu, nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa.

Kaka, pumzika kwa amani, ile karatasi nimeibandua.