Mama Odilia na Dola Tulizozifungia Stoo

Kwa miaka ishirini na sita Mama Odilia Mkwera ametunza fedha za Kikundi cha Wasusi wa Lumemo, na Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, anastaafu. Siku hiyohiyo karakana yetu ya Ifakara inakabidhiwa kwa mwenye kiwanja mpya. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha sherehe. Nimejaribu.

Alianza na daftari moja na kopo la maziwa. Vikapu vyetu vilipopata wateja wa nje, tukafungua akaunti ya malipo mtandaoni, naye akajifunza kuiendesha akiwa na miaka hamsini. Ndiye aliyegundua kwamba yuro za Wajerumani ziligeuzwa dola, kisha shilingi, tukikatwa mara mbili. Akafungua salio la kuweka yuro bila kuzigeuza, na rangi za ukindu tulizoagiza nje akazilipia humohumo.

Namba za kuthibitisha malipo ziliingia kwenye simu yake, na mtandao ulishika vizuri karibu na choo tu. Alisimama pale kutwa, hadi Kasmiri wa bodaboda akamwonea huruma na kumletea dawa ya kuhara. Kila asubuhi aliandika masalio kwa chaki nyuma ya mlango: dola, yuro, shilingi.

Mwaka jana tulikuwa na dola 18,400. Mwenye kiwanja wa zamani alitupa nafasi ya kwanza kukinunua kwa milioni hamsini, mwisho Desemba. Kwa bei ya dola ya siku ile, zilitosha. Mama Odilia alitaka kuzibadilisha palepale. Mkutano ukakataa. Sisi ni watu wa bonde: mpunga tunauvuna, tunaufungia stoo, tunasubiri bei ipande. Tukasema na dola zisubiri, tupate na za mabati.

Alisimama akasema, "Mpunga usipopanda bei, tunakoboa tunakula. Hizi dola tutazipikia nini?"

Tulicheka, tukapiga kura.

Shilingi ikaanza kupanda thamani. Mlangoni dola zilibaki 18,400 kila siku, lakini thamani yake kwa shilingi, aliyoiandika pembeni, ilizidi kupungua, naye aliifuta na kuiandika upya. Kufikia Krismasi ilikuwa milioni arobaini na nne. Alimwendea mwenye kiwanja mara tatu, akaongeza milioni mbili za akiba yake mwenyewe. Hazikufika. Januari kiwanja kikauzwa kwa mtu mwingine, na sasa wasusi thelathini na mmoja, wengine wa kutoka Mchombe, hatuna pa kusukia. Akiba yake tumemrudishia. Karakana hatuna namna ya kuirudisha.

Hajawahi kutuambia kwamba alituonya. Laiti angetutukana, ningelala.

Muhtasari wa mkutano ule unasema wajumbe walikataa kwa wingi wa kura. Niliuandika mimi, na niliacha jambo moja, ambalo naomba lisomwe mbele yake siku ya sherehe: aliyetoa hoja dola zisubiri ni mimi, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu.

Asante, Mama Odilia, kwa miaka yote. Nenda ukapumzike, Mungu akupe afya na siku nyingi. Mlango ule wenye chaki tumeung'oa. Ni wako, ukiutaka.

Yosefina Libaba, Katibu