Mwanga Unaomkonyeza Fundi

Benchi lile lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, limeegemea ukuta kati ya karakana ya Randa, fundi seremala, na chumba cha Sindano, fundi cherehani. Kila jioni misumeno ikishanyamaza na cherehani ikishafunikwa shuka lake, Shangazi aliteleka birika la kahawa kwenye jiko la mkaa mbele ya benchi, na mazungumzo yakaanza hata vikombe havijajaa. Wenye benchi walikuwa wanne. Randa mwenyewe, mtu wa maneno machache, vumbi la mbao limemwingia hadi kwenye nyusi. Sindano, rafiki yake tangu wote wawili wakijifunza kazi, hawajaota ndevu. Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila aliwakemea kama watoto wa kaka yake. Na Redio, mlinzi wa ghala la ng'ambo ya barabara, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kujua anazimiwa wapi.

— Jana ule mwanga umerudi tena, alisema Sindano, ameshika kikombe kwa viganja viwili. Kona ile ile. Mwe! Halafu mwe! Kisha giza.

— Kona ipi? aliuliza Shangazi.

— Pembeni kabisa, juu ya paa la ghala. Nikigeuka niutazame vizuri, haupo.

Redio alikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kusikilizwa.

— Mlinzi wa ghala hilo ni mimi. Kungekuwa na taa juu ya paa, ningejua.

— Wewe usiku unalinda au unalindwa? Juzi umeamshwa na paka.

— Nilifumba macho ili nisikie vizuri, Shangazi. Sasa nyamazeni niwape habari. Ule ni mtambo wa angani. Unapita juu ya mji unatupiga picha. Ile mwe ya kwanza ni picha. Ile ya pili wanarudia, maana kuna mtu alipepesa.

— Watupige picha ya nini, na mabati yenyewe yote kutu?

— Ndiyo maana wanarudia! Wahenga walishasema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hicho kinaelea, basi kimeundwa.

— Methali hiyo ni ya vyombo vya majini.

— Kwani juu hakuna maji? Mvua huwa inatoka wapi?

Shangazi alimmiminia kahawa ili apate kumziba mdomo. Yeye aliamini ni radi ya mvua ya mbali.

— Mvua gani, Shangazi, na vumbi hili?

— Kuna mahali inanyesha. Si lazima ikulowanishe wewe ndiyo iwe mvua.

— Hapana, alisema Redio, na kikombe kilikuwa bado kina moshi lakini yeye ameshakimaliza. Nimefikiri upya. Mbingu imepata ufa. Hili joto mnadhani linapenya wapi? Sasa kuna mafundi huko juu wanachomelea. Cheche zile ni za kuchomelea. Hujaona zinakuja mbili mbili? Fundi anagusa, anatazama, anagusa tena.

— Na ngazi kamshikia nani?

— Usinidharau. Randa naye kauona mwanga huo, na Randa si mtu wa porojo. Watu wawili wazima! Penye wengi hapaharibiki neno.

— Wawili tangu lini wakawa wengi?

Sindano aligeuka akamtazama rafiki yake kwa macho ya mtoto aliyeahidiwa kitu.

— Si uliuona, Randa?

— Niliuona, alisema Randa, na akainamia kikombe chake.

Hakuwa ameuona. Hakuwa ameona kitu chochote angani isipokuwa nyota na popo.

Ilikuwa hivi. Mke wa Sindano alifariki mwaka uliotangulia, na Sindano akabaki kama nguo iliyoanuliwa kwenye kamba ikasahauliwa kwenye beseni. Alifungua duka adhuhuri, akalifunga alasiri. Alikula akikumbushwa. Kisha jioni moja Randa alimkuta amesimama uani, shingo ameipinda, anatazama juu.

— Unakumbuka, Sindano alimwambia bila kushusha macho, nikichelewa kazini alikuwa akinimulika kwa tochi dirishani? Mara mbili. Maana yake chakula kinapoa. Sasa tazama pale. Mara mbili, Randa. Ni yeye, sivyo? Umeuona?

Randa alitazama. Palikuwa na giza tupu. Lakini akashusha macho kwenye uso wa rafiki yake, akaona kitu ambacho tangu siku ya mazishi hakikuonekana, na ulimi ukamponyoka.

— Nimeuona.

Sindano alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Kesho yake alifungua duka mapema. Akaagiza chakula mwenyewe, akala, akaomba aongezwe. Shangazi akasema Mungu si Athumani, na Randa akajiambia kwamba uongo unaomwinua mtu kitandani hauwezi kuwa dhambi kubwa.

Ila jicho la seremala halijui kupumzika. Siku hizo Randa aliona mambo. Aliona Sindano akipunga mkono kufukuza nzi wakati hapakuwa na nzi hata mmoja. Aliona anapotunga uzi anageuza kichwa upande, kama kuku anayechungulia punje. Aliona na akanyamaza, maana kuyasema hayo kungeuvuta nje na uongo wake.

Redio alikuwa ameanza kueleza jinsi mwezi wenyewe ulivyo na waya uliolegea, ndipo akafika mwanamke wa makamo, ameshika suruali mkononi. Alisalimia kwa adabu, kisha akaikunjua mbele ya Sindano.

— Fundi, shikamoo tena, na samahani. Pindo la mguu huu umelishona ukitazama wapi?

Sindano aliipokea. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono. Mshono ulikwenda vizuri, halafu ukapanda mlima, halafu ukashuka bonde. Shangazi aliacha kupepea jiko. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumrudishia Sindano nguo.

— Nisamehe, dada, alisema kwa sauti ndogo. Nitaifumua niirudie.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alidakia Redio, aliyeona aibu kwa niaba ya rafiki yake. Kaa, dada, unywe kahawa, utuamulie. Fundi wetu haoni pindo kwa sababu anatazama makubwa.

Akamsimulia yote, mtambo, ufa, mafundi na waya wa mwezi. Yule mwanamke alisikiliza akipuliza kahawa yake. Hakucheka. Redio alipomaliza, alimgeukia Sindano.

— Unauona kwa jicho lipi?

 Walitazamana kama watu walioulizwa jina la mama wa mwenye nyumba.

— Kwa macho, alisema Redio. Kwani kuna kingine cha kuonea?

— Nimemuuliza fundi.

Jua lilikuwa limekwisha zama, na barabara ilikuwa kwenye ule weusi mwepesi wa kabla ya taa. Sindano alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akageuza kichwa huku na huku. Hamna kitu. Akafunika la kushoto, akageuza.

— Upo.

— Sasa fumba yote mawili. Geuza macho ndani kwa ndani.

Akafumba. Randa hakutazama angani safari hii. Alitazama mdomo wa rafiki yake, akauona unaanza kutetemeka kwenye pembe.

— Upo, alisema Sindano polepole. Nimefumba, na bado upo.

Redio alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane pale, hakikutoka kitu.

— Mama mkwe wangu alianza hivyo hivyo, alisema yule mwanamke. Akituambia kuna mtu anamwashia kiberiti pembeni. Tukamcheka. Tukasema ni uzee.

— Na nzi? aliuliza Randa. Alikuwa akifukuza nzi?

— Nzi, masizi, vijinyuzi. Akifukuza mchana kutwa. Mpaka siku aliposema kuna pazia jeusi linamshukia. Tulipomfikisha hospitali, daktari alisikitika tu. Jicho lile sasa ni la kupambia uso. Mpelekeni leo, jamani. Msingoje.

— Kesho, alisema Sindano.

— Kwa nini kesho? aliuliza Shangazi.

— Nina nguo za watu.

Lakini alipoinuka kuingia dukani, alimwinamia Randa, akanong'ona:

— Wakinitibu, atazimika.

Hakusema *utazimika*. Alisema *atazimika*. Randa alihisi kama nyundo imekosa msumari ikampata kidole. Aliinuka, akamshika mkono mbele ya wote.

— Mimi sikuuona.

— Hukuuona nini?

— Mwanga. Sikuuona siku ile, wala siku nyingine. Sijawahi. Nilisema tu.

Sindano aliukung'uta mkono wake ukatoka.

— Umenifanya mtoto, Randa.

— Nimekukosea. Nitukane tukifika. Sasa twende.

— Siendi na wewe popote.

Shangazi alikuwa amesikia yote. Aliinuka, akafunika birika lililojaa, akamwagia mkaa maji. Moshi mweupe ukapanda.

— Kahawa imekwisha! alitangaza. Kijiwe kimefungwa mpaka fundi atakaporudi kutoka hospitali. Redio, simamisha gari. Wewe, dada, suruali yako iache, hatutaila. Na wewe Sindano, ukinijibu nitakubeba mgongoni, na unajua naweza.

Waliondoka hivyo. Ndani ya teksi Sindano alikaa mbele, kichwa amekiegemeza dirishani. Daktari wa zamu alimmulika jicho, akakunja uso, akasema asiinue kitu kizito, asitikise kichwa, na asubuhi mapema awe mlangoni kwa daktari wa macho. Usiku huo Redio hakusinzia lindoni; alisema mwenyewe, na safari hiyo wakamwamini.

Foleni ya asubuhi ilikuwa ndefu. Randa na Sindano walikaa bega kwa bega kwenye kiti cha chuma, macho ya Sindano yametiwa dawa ya kutanua mboni. Mchana ulipita, wagonjwa wakaitwa mmoja mmoja. Ndipo Sindano aliposema, bila kugeuka:

— Kwa nini ulisema umeuona?

Randa alikwangua gundi iliyoganda kwenye ukucha wake.

— Ulikuwa umesimama pale uani unatazama juu peke yako. Nikaona si vizuri mtu atazame peke yake.

 Bega la Sindano lililokuwa gumu kama ubao mbichi liliachia uzito, likamwegemea mwenzake.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti tulivu. Alimwinamia na mashine yake, akatazama sana, kisha akaeleza. Ndani ya jicho, nyuma kabisa, kuna utando mwembamba unaopokea picha. Utando wa Sindano ulikuwa ukivutwa, na kila ukivutwa ulitoa mwanga ambao nje haukuwepo. Sasa umechanika pembeni.

— Yaani kitambaa kimechanika penye pindo, alisema Sindano.

— Hasa. Na umewahi. Ungeendelea kuchanika, ungebanduka wote.

— Mnashona kwa uzi gani?

— Hatutumii uzi, mzee wangu. Tunashona kwa mwanga. Tunauzungusha pale palipochanika, panashika.

Sindano alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio. Daktari aliweka vifaa chini, akamngoja kama mtu asiye na foleni mlangoni.

— Na ule mwanga wangu? aliuliza, akijifuta. Utazimika leo?

— Si leo. Utauona siku chache bado, kidogo kidogo. Kisha utapungua wenyewe.

— Kidogo kidogo, alirudia Sindano, na akaitikia kwa kichwa, kama aliyepewa nafasi ya kumsindikiza mgeni mpaka njia panda. Haya. Shona.

Walitoka giza likianza kuingia. Jicho moja lilifunikwa, la pili lilikuwa bado linaona ukungu, kwa hiyo Randa alimshika kiwiko, wakaenda mwendo wa bibi harusi.

— Jiwe hapo. Pita kushoto. Mtaro. Ruka.

— Usinipigie kelele, si gari la mchanga.

— Ruka, bwana.

Aliruka. Walipokaribia nyumba yake, Sindano alisimama.

— Hebu tazama juu uniambie. Kweli tupu.

Randa alitazama.

— Mawingu. Nyota moja, ile ya kila siku.

— Haikonyezi?

— Haikonyezi. Imekaa tu.

Sindano alivuta pumzi, akaiachia. Mlango ulikuwa mbele yao, na nyuma ya mlango vyumba viwili visivyo na mtu. Randa aliusukuma kwa bega, akapapasa ukutani mpaka akaipata swichi, kisha akapiga magoti sebuleni na kuanza kutikisa miguu ya kitanda cha wageni.

— Unafanya nini?

— Kitanda hiki kimelegea. Nitakikaza.

— Cha nini? Hakilaliwi hicho.

— Leo kinalaliwa. Nimeshamwambia shemeji yako kwamba mpaka ufunguliwe jicho nipo huku.

Sindano alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

— Wewe unakoroma, alisema hatimaye.

— Nakoroma, alisema Randa kutoka chini ya kitanda. Ukinisikia, ujue nyumbani kuna mtu.