Neno la Kuandika Kaburini

Basi la kutoka Muleba lilipopita Kemondo, Theopista alikuwa bado hajajua fundi wa Bukoba achonge maneno gani kwenye jiwe la kaburi la mumewe. Alimweleza jirani yake wa kiti, Bi Mariamu, mama wa makamo waliyefahamiana humo humo safarini.

"Shemeji zangu wanataka 'Mkeo milele'," alisema. "Nami kanisani niliapa mpaka kifo kitutenganishe. Kimeshatutenganisha, mama, na bado sijafika hata miaka thelathini."

"Basi andika 'Nitakukumbuka daima'," Bi Mariamu alimjibu. "Milele ni ya Mwenyezi Mungu. Daima ndiyo yetu sisi, leo na kesho na keshokutwa, mpaka nguvu zituishie."

"Hata hiyo siiwezi. Juzi nilipalilia migomba kibanjani tangu asubuhi, jua linazama ndipo nikamkumbuka. Nililia kwa aibu."

Bi Mariamu aliitazama mibuni ikipita dirishani. "Hiyo si dhambi, mwanangu," akasema. "Lakini jiwe lazima liseme kitu."

Simu ikalia. Alikuwa fundi, anauliza. Theopista alifumba macho kidogo. "Andika jina lake," alimwambia, "na chini yake, 'Tulipendana'. Basi."

"Shemeji zako watasema umeshamwacha," Bi Mariamu alimnong'oneza.

"Waseme. Lililokwisha kuwa, nani atalifuta?"

Bi Mariamu alitaka kujibu, lakini basi lilikuwa limesimama stendi ya Bukoba, na Theopista alishainuka.