Vumbi Abadili Klachi, Asibadili?

Kijiwe chetu hapa Kasulu kimetazamana na karakana ya Fidele, fundi pikipiki. Benchi lenyewe ni ubao wa mninga uliobaki kanisani walipoezeka. Tuliuazima, na huu ni mwaka wa tisa tunaendelea kuuazima. Epifania anatuuzia kahawa, sisi tunatatua matatizo ya watu wengine, maana ya kwetu yametushinda. Ijumaa hiyo tatizo lilikuwa la Ndihokubwayo, ambaye hapa tunamwita Vumbi, kwa kuwa wanaoshindana naye kwenye mbio za pikipiki za kilima cha Murungu, kule Kibondo, hula vumbi lake. Ameshinda mara saba. Mbio za mwaka huu zilikuwa keshokutwa yake, Jumapili, baada ya misa. Na pikipiki yake ilikuwa pale ng'ambo, imefunguliwa matumbo, huku Fidele ameshika klachi mpya kama mtu aliyeshika kuku wa sadaka.

Hiyo klachi mpya inajishika yenyewe. Ukiongeza mafuta inashika, ukipunguza inaachia. Gia unabadilisha kwa mguu kama kawaida, ila mkono wa kushoto hauna haja ya kubana kitu. Fidele alitaka jibu kabla ya saa sita, ili jioni aifunge.

Vumbi: Nauliza tu, wazee. Nifunge au nisifunge?

Kipimo: Usifunge.

Mesye: Funga.

Mimi: Inategemea.

Nilisema inategemea kwa sababu kahawa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kumiminwa. Kipimo ni Tharsisi, mnunuzi wa maharage. Hakuna jambo asilolijua uzito wake. Mesye ni Adolphe, Mkongo wa kambini Nyarugusu, muuza vitenge. Hutoka kambini kwa kibali cha siku tatu, na siku mbili anazimalizia kwetu. Mimi wananiita Redio. Sababu yake wanaijua wao.

Vumbi: Shida ni vidole hivi viwili vya kushoto. Navituma, haviendi. Jumapili iliyopita nikiwa mazoezini, katikati ya kilima, mashine ikanizimikia mara mbili. Mara mbili, jamani! Mimi!

Tukatikisa vichwa kwa huzuni. Kisha tukairukia klachi.

Kipimo: Sikiliza, mwanangu. Mkono mtupu haulambwi. Ukiutoa mkono wako kwenye klachi, unabaki mtupu. Nani ataulamba?

Epifania: Tharsisi, methali hiyo ni ya watu wasiotoa kitu. Haihusu pikipiki.

Kipimo: Methali haina mipaka, mama. Wewe mimina.

Vumbi: Mimi naogopa mteremko. Nikipunguza mafuta, hiyo klachi inaachia, mashine hainishikii tena. Nitashuka kama gunia. Halafu nimezoea kuzima kule juu, natelemka bure bila kuchoma mafuta, nikifika chini naachia klachi, inawaka. Hii ukiizima, umezima. Isukume mpaka Kibondo, haiwaki.

Fidele (kutoka ng'ambo, kwa sauti): Si upige kiki kama binadamu wengine!

Vumbi: Kiki ni ya wanafunzi!

Tukacheka. Vumbi naye alicheka, lakini alikuwa anakiangalia kikombe chake. Alikuwa ana hamu ya mbio zile, ilionekana wazi. Miaka saba akipita sokoni watu wanamwinulia mkono. Mwaka huu vijana wa Kakonko wameshaanza kumwita babu, na ana miaka arobaini na tisa tu.

Mesye: Mi nasema funga, lakini ufunge na akili. Kule Uvira kulikuwa mutu mumoja, aliweka ile ambreyaje ya otomatiki ku moto yake. Kwetu pikipiki ni moto, klachi ni ambreyaje. Siku moja iko anakunywa, moto ikachoka kumungoja. Ikarudi ku nyumba yenyewe.

Mimi: Yenyewe?

Mesye: Vreman! Bibi yake akafungua mulango, akaona moto tu, mutu hayuko. Akalia msiba siku mbili. Siku ya tatu ndiyo bwana akafika na miguu.

Kipimo: Hiyo kamba, Mesye.

Mesye: Niliona na macho yangu! Mi ndiye nilikuwa nakunywa na ye!

Epifania: Sasa hiyo inamsaidiaje Vumbi?

Mesye: Inamusaidia ajue. Akishinda, asiache moto peke yake.

Kipimo akaona anaachwa nyuma. Akasogea mbele ya ubao, ishara ya kwamba linakuja kubwa.

Kipimo: Nyie mnaona klachi. Mimi naona mbali. Hawa watengenezaji wana vita na mkono wa kushoto. Walianza na magari, wakaondoa klachi ya mguu, mguu wa kushoto ukakaa bure. Sasa wamepanda mkononi. Kitu kisichotumika Mungu anakichukua. Miaka hamsini ijayo watoto watazaliwa na mkono mmoja.

Mimi: Acha fiksi!

Kipimo: Halafu mtoto wa Kiha atamsalimiaje mkubwa? Sisi tunatoa mkono wa kulia, wa kushoto unaushikilia kwenye kiwiko, ndiyo heshima. Kiwiko kitashikwa na nini? Heshima yote ya Buha itakwisha kwa klachi ya Fidele!

Fidele (kutoka ng'ambo): Saa tano hiyo, wazee!

Nikaona zamu yangu imefika, na sikutaka kushindwa na mtu wa maharage. Nikasema kilima cha Murungu kinautambua mkono wa Vumbi. Nikasema mlima una kumbukumbu, umembeba mara saba kwa mkono uleule, na siku utakapokanyagwa na mashine inayojishika yenyewe utadhani ni mgeni, utamtupa. Nikaongeza kwamba babu yangu alilijua hilo. Babu yangu hakuwahi kuwa hata na baiskeli.

Kipimo: Redio leo umenena.

Mesye: Iko kweli, mulima iko na roho.

Vumbi: Kwa hiyo nisifunge?

Kipimo: Usifunge!

Mesye: Funga, lakini omba mulima ruhusa!

Mimi: Inategemea!

Vumbi: Yemwe, mtaniua nyie! Siku ya tatu hii nawauliza.

Hapo ikasimama mbele yetu pikipiki ndogo, zile ambazo hazina kabisa klachi ya mkono, nyekundu, imejaa matope ya Nyakitonto. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, akavua kofia ngumu, akatoa daftari ndani ya koti. Alikuwa Rosa, katibu mpya wa mbio za Murungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kumwona.

Rosa: Mwakeye. Nafunga majina saa sita. Nimeambiwa bingwa anakaa hapa.

Kipimo: Umefika! Mwandike, anatumia klachi ya mkono.

Mesye: Otomatiki!

Mimi: Acha nafasi hapo, tutakupigia simu.

Rosa hakuandika. Alikuwa anautazama mkono wa kushoto wa Vumbi, uliokuwa umelala pajani, vidole viwili vimejikunja kwa ndani.

Rosa: Huu mkono ulianza lini?

Kipimo: Krismasi.

Mesye: Hapana, ni nyuma ya Paska.

Mimi: Ulikuwa wakati wa kupalilia maharage.

Rosa: Alianguka, au ulianza wenyewe?

Tukatazamana. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, ubao ule ulikuwa na watu watatu na hakuna mwenye nadharia.

Vumbi: Ulianza wenyewe. Novemba. Kwanza ulikuwa unakufa ganzi nikilala. Sasa vifungo vya shati ananifungia Divine, binti yangu. Juzi nilitaka kuipua sufuria, nikamwaga ugali wote jikoni. Nilimwambia mtoto ni paka.

Alisema hayo akimwangalia Rosa peke yake. Epifania akaacha kupepea jiko.

Rosa: Hospitali wamesemaje?

Vumbi: Sijafika.

Rosa: Toka Novemba? Si hapo juu tu, kaka yangu? Kutembea dakika kumi!

Vumbi: Najua. Kila nikitoka nyumbani kwenda hospitali, napita hapa kwanza.

Niliona aibu, nasema kweli. Aibu ya kutaka kuinuka na kwenda mahali, ila mahali penyewe sina, maana mahali pangu ni pale. Siku tatu alikuwa anatuonyesha mkono, na sisi tunamjibu klachi.

Rosa: Basi apelekwe sasa hivi. Mkono wa hivyo haungojewi. Mimi nina majina mengine ya kukusanya, chukueni pikipiki yangu, mtanirudishia. Nani ataendesha?

Kipimo akachungulia ndani ya kikombe chake. Mesye akaanza kukitafuta kibali chake mifukoni, akakagua tarehe. Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Rosa: Hamjanisikia? Ni nani kati yenu anayejua kuendesha pikipiki?

Fidele, kule ng'ambo, akageuka akatazama ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Epifania: Mawe, mama yangu! Miaka tisa! Miaka tisa nawasikiliza hapa gia, plagi, cheni, klachi!

Rosa akarudisha daftari ndani ya koti na kuwasha mashine. Vumbi akainuka taratibu. Akasimama kidogo kando ya ile pikipiki ndogo isiyo na klachi. Mara ya mwisho kupanda nyuma ya mtu nadhani alikuwa bado hajaoa. Kisha akapanda, mkono wa kulia akashika chuma cha nyuma, wa kushoto akauweka kifuani.

Vumbi: Na jina langu je? Utaniandika?

Rosa: Tumsikie daktari kwanza. Kilima hakihami.

Vumbi: Na klachi?

Rosa: Shikilia vizuri.

Wakaondoka wakipandisha barabara ya hospitali. Hakugeuka kututazama, na sikumlaumu. Tukasikia mlio wa mashine ukibadilika pale kwenye kona.

Kipimo: Lakini mmemsikia huyo dada alivyoingiza gia ya pili? Kachelewa. Angekuwa ame—

Epifania akamnyang'anya kikombe, na kilikuwa bado kimejaa.