Verdell Mabry, Aliyefuata Sukuma Wiki Mji wa Jirani

Marehemu Bi. Verdell Mabry alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 karibu na Clarksdale, Mississippi, mtoto wa tatu wa Mzee Otis na Bi. Luvenia Tolliver. Mwaka 1952 familia ilipanda treni kwenda Saginaw, Michigan, ambako baba alipata kazi kiwandani. Alihitimu sekondari mwaka 1959, akipenda hesabu na kuchukia ushonaji.

Mwaka 1963 alifunga ndoa na Roscoe Mabry, wakajaliwa watoto wawili. Kuanzia 1966 hadi 2003 alipika katika jiko la shule. Watu wazima wa mji huu bado wanautamani mkate wake wa mahindi, na wanakumbuka alivyomwongezea mtoto chakula huku akijifanya anatazama pembeni.

Roscoe alifariki mwaka 2009. Pensheni haikutosha, sukari ikampata, daktari akamwambia ale mboga. Binti yake Lavonne akamwombea kadi ya msaada wa chakula. Sokoni kwa wakulima kadi hiyo humpatia mtu sarafu za mbao za kununulia chakula, na mradi wa soko humwongezea nyingine kiasi hicho hicho, za matunda na mboga tu. Bi. Verdell hakutaka kuonekana nazo. Yeye aliyelisha mji mzima, leo atoe sarafu za msaada mbele ya watu? Akawa anaendesha gari hadi soko la Bay City, mji wa jirani asikojulikana.

Jumamosi moja ya Agosti 2011, kwenye foleni ya sarafu, mwanamke wa mbele yake aligeuka. Alikuwa Earline Gaddis, ambaye hukaa naye benchi moja kanisani.

"Dada Verdell, umefuata nini huku?"

"Nimekuja kumwona binamu."

"Binamu gani? Ukoo wako wote naujua."

"Na wewe je?"

"Mimi nimepotea njia."

"Umepotea na kikapu, Earline?"

Walicheka mpaka muuza mapichi akawaletea viti. Zilikuwa siku tamu zile. Jumamosi iliyofuata waliingia soko la Saginaw wameshikana mikono, na msimu uliofuata Bi. Verdell akaomba kukaa kwenye meza ya sarafu. Mtu akija ananong'ona, yeye alimjibu kwa sauti yake ya kila siku: "Sogea, mpenzi, hata mimi ninazo. Sukuma nzuri iko kwa yule mwenye kofia." Hakuiacha meza ile hadi mwili ulipokataa.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Alifariki hospitalini tarehe 2 Septemba 2023, akiwa na miaka 82. Siku chache kabla, alimwagiza Lavonne, anayesoma wasifu huu, aandike habari ya Bay City. Lavonne alimsihi iachwe.

"Mama, watu watasemaje?"

"Watasema nilikuwa na njaa. Kwani uongo? Humo kanisani kuna mtu anakula mkate mkavu kwa sababu ya kuona haya. Msomee huyo."

Ameacha watoto wawili, Lavonne na Terrence, wajukuu watano, na Bi. Earline, ambaye sasa ndiye anayekaa kwenye meza ya sarafu, na Jumamosi hii atakuwa hapo kama kawaida. Kama ni wewe uliyesomewa, njoo.

Bwana ampumzishe mama yetu kwa amani.