Alichokiona Motlatsi Ramabodu Kwenye Rada

Kaka yetu Motlatsi Ramabodu alizaliwa Ficksburg tarehe 9 Machi 1966. Sura nzuri aliwaachia wadogo zake, hasa Tshediso anayewasomea haya. Yeye akabeba akili. Tshediso shule ilimshinda darasa la sita. Motlatsi aliimaliza, akasomea ufundi Bloemfontein, na mwaka 1990 akaanza kazi kwenye rada ya mvua, pale kilimani.

Tarehe 14 Septemba 1996 alimuoa Keneuwe. Siku ya mahari mashemeji walimcheka: "Kazi yako kutazama mawingu? Hata ng'ombe wetu wanatazama!" Akachukua tonge la ugali, akalibonyeza.

"Tone kubwa likianguka linabapa hivi. Rada inatuma mawimbi mawili, moja limelala, moja limesimama. Yakirudi tofauti, ni maji. Yakirudi sawa, tena kwa nguvu, ni mawe ya barafu, maana yanabiringika."

"Haya, shemeji, kula tone lako."

Rada nayo hupotoka. Kwa hiyo manyunyu yakipita juu ya kituo, aliielekeza juu wima. Tone ukilitazama toka chini ni duara, mawimbi lazima yarudi sawa. Yasiporudi sawa, anairekebisha. Novemba 2009 alipitisha wiki tatu bila kuipima. Tarehe 17 mvua ya mawe iliwakuta wachuma cheri shambani, ikamuua Disebo, binti wa miaka kumi na tisa wa jirani yetu Mama Mmadisebo. Motlatsi aliwaambia watu wote kwamba rada ilionyesha maji tu.

Tangu hapo, mvua ikianza, alitoka uani kichwa wazi. Keneuwe akimwita, anajibu, "Ngoja, kuna mtu bado yuko nje."

Kansa ya ini ilimshika Februari mwaka huu. Alifariki tarehe 2 Juni 2023, alfajiri. Siku mbili kabla, alimshika Tshediso mkono.

"Mdogo wangu, wewe kwa kujisifu hujambo. Safari hii soma ukweli."

"Kaka, nitaogopa."

"Hata mimi niliogopa."

Akaagiza lisomwe hili: siku ile aliyokufa Disebo mawimbi yalirudi sawa, dakika kumi na nane kabla ya mawe kufika. Aliyaona. Alidhani rada imepotoka, kwa kuwa hakuwa ameipima, na hakupiga simu shambani. Baadaye akaona haya kusema.

Ameacha mjane, Keneuwe, watoto Relebohile na Kamohelo, mjukuu mmoja, na Tshediso wenu.

Sisi wa kwake tunamwombea alale salama. Mama Mmadisebo, wa kumwambia apumzike ni wewe.